Aliyekuja na Dodoso Keko

Mjomba wangu mkubwa alifariki Keko, wilayani Temeke, mwaka 1995. Miaka yote niliyokulia kwa bibi niliambiwa aliondoka na homa. Mwaka jana, nikisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikakuta Keko imetajwa katika maandishi ya mradi mmoja wa Wizara ya Afya, na ile homa ikaanza kunisumbua.

Mradi wenyewe, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP, ulianza mwaka 1992 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza. Ulifuatilia vifo katika wilaya za Hai na Morogoro Vijijini, na katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Watu wazima wengi enzi hizo walifia nyumbani na kuzikwa bila daktari kuandika kilichowaua. Kulikuwa na njia nyingine nchini: damu iliyobaki baada ya wajawazito kupimwa kaswende kliniki iliondolewa majina, kisha ikapimwa VVU. Ilionyesha maambukizi yanavyokwenda, lakini juu ya waliokwisha kufa haikusema kitu. (Wala haikuwaambia wajawazito wenyewe. Hilo linanikera hadi leo, ingawa najua dawa hazikuwepo. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004.)

AMMP iliwaendea wafiwa. Wakazi walihesabiwa nyumba kwa nyumba, watoa taarifa wa mtaani waliripoti kila msiba, na matanga yakishaanuliwa, mhudumu wa afya alipiga hodi na dodoso. Marehemu alikonda? Aliharisha kwa muda gani? Alikohoa? Aliwahi kutoka mkanda wa jeshi? Majibu yalipelekwa kwa madaktari, nao ndio walioamua chanzo cha kifo.

Nilichokipenda ni kwamba familia haikulazimika kuutaja UKIMWI, wakati ambapo mtaani watu walisema "miwaya" au "ngoma" na sauti ikishushwa. Njia hiyo ilikuwa na mapungufu yake. Kifua kikuu na UKIMWI hufanana mno katika maelezo ya mfiwa, kwa hiyo mara nyingi viliwekwa fungu moja. Hata hivyo, katika maeneo yote matatu fungu hilo ndilo lililoongoza kwa kuua watu wazima, Hai kama Dar es Salaam. Wizara ikawa na picha ambayo madaftari ya hospitali peke yake yasingeweza kuitoa.

Nilimuuliza bibi kama anakumbuka mtu wa namna hiyo. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

"Alikuja dada mmoja na makaratasi. Akaniuliza kama mjomba wako alitoka mkanda wa jeshi. Nikamwambia ndiyo, hapa ubavuni."

"Akasemaje?"

"Akaandika. Hakuniuliza zaidi, mjukuu wangu. Nikamkaribisha chai."