Kitasa: Historia ya Neno na Tatizo la Kirungu cha Mlango

Wanaofasiri riwaya za Kiingereza aghalabu hukutana na mhusika aliyesimama mlangoni, mkono umekamata kile kirungu cha mviringo cha kufungulia, akisitasita. Kwa Kiswahili huandikwa kwamba "ameshika kitasa". Wapo wanaoyachukua matumizi haya kuwa ithibati ya uhaba wa msamiati. Makala haya yanaipinga rai hiyo.

Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliotolewa mwaka 1870, alikifasiri kitasa kuwa ni kifaa cha kufungia, si cha kushika. Sababu i katika mlango wenyewe. Mlango wa kale wa Lamu, Mombasa au Unguja una mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa na kufungukia ndani. Kwa ndani hukazwa kwa komeo au pingo. Kwa nje hufungwa kwa riza, yaani mnyororo unaopachikwa kwenye tumbuu na kutiwa kufuli. Anayeingia husukuma. Hapakuwa na cha kuzungushwa, basi hapakuwa na cha kupewa jina. Msamiati umejaa pale penye kazi: mlango hufungwa, hukomewa, hushindikwa, hurudishwa, na kila kitenzi kina kiwango chake. (Mwanafunzi asiyetofautisha kushindika na kukomea atapitwa na mengi katika hadithi za wapenzi na za wezi.)

Kifaa cha Kizungu kilipoingia, tundu la ufunguo, ulimi wa chuma na kirungu vilikuja vimeungana, navyo vikaitwa kwa jina la sehemu iliyokwisha julikana. Leo msemaji akisema "zungusha kitasa", anakusudia kirungu. Akisema "badilisha kitasa, ufunguo umepotea", anakusudia kile kinachofunga. Muktadha hutenganisha, wala hatujaona aliyetatizika.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yetu, u katika sitiari. Magazeti ya michezo ya Tanzania humwita beki imara kitasa: hapiti mtu. Hapo maana aliyoirekodi Steere ingali hai. Lakini huko huko watu hutwangana vitasa, yaani ngumi, na ni vigumu kuliona kufuli ndani ya ngumi. Tunadhani umbo la kirungu, kitu cha mviringo kinachojaa kiganjani, ndilo lililozaa matumizi hayo. Ikiwa ni hivyo, maana mpya ya neno imekwisha kukomaa kiasi cha kuzaa sitiari yake yenyewe.

Tatizo la mfasiri, basi, si jina. Kusitasita kwa mhusika wa Kiingereza huwa mkononi. Mgeni katika jamii ya Waswahili husitasita kooni, kabla ya kupiga hodi, na hatima yake i katika "karibu" atakayoitikiwa au kunyimwa. "Alishika kitasa" ni sentensi sahihi kisarufi, ila msomaji atataka kwanza kujua iwapo mtu huyu alikuwa amepiga hodi au ni mwizi.