Kimalei na Kiebrania: Udugu wa Damu na Udugu wa Kuazima

Mwalimu wa Kiswahili aliyejifunza Kiebrania kidogo, afunguapo kitabu cha Kimalei kwa mara ya kwanza, hudhani amekutana na jamaa wa zamani. Aona neno nabi, akumbuka navi la Kiebrania na nabii la kwetu. Aona malaikat, akumbuka malakh na malaika. Hali kadhalika roh, hikmat na korban zamkumbusha ruah, hokhma na korban za Agano la Kale. Basi husema upesi kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Kumbe sivyo, na yafaa tulichunguze kosa hili, kwa kuwa lamhusu kila afundishaye au afasiriye Maandiko.

Kiebrania ni cha ukoo wa Kisemiti, pamoja na Kiarabu, Kiaramu na Kiamhari. Kimalei ni cha ukoo mwingine kabisa, uitwao Kiaustronesia, ulioenea toka Madagaska hata visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki. Maneno yale tuliyoyataja yaliingia katika Kimalei pamoja na dini ya Kiislamu, iliyoletwa na wafanya biashara na walimu waliovuka Bahari ya Hindi. Jiwe la Terengganu, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la mwaka 1303, laonyesha Kimalei kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo Kimalei kiliazima kwa Kiarabu, na Kiarabu ndicho nduguye Kiebrania. Lakini mtu akiazima jembe kwa jirani, hawi mtoto wa nyumba ile.

Je, twawezaje kumtambua ndugu wa damu? Tuyatazame maneno ambayo watu hawaendi kuyaazima mbali, kama ya hesabu na ya mwili. Wamalei husema satu, dua, tiga, empat, lima. Waebrania husema ehad, shenayim, shalosh, arba, hamesh. Hapana kufanana hata kidogo. Sasa tuvuke bahari mpaka Madagaska: mbili ni roa, nne ni efatra, tano ni dimy, nayo mbingu, ambayo Wamalei huiita langit, huitwa lanitra, na jiwe, batu, huitwa vato. Hapa udugu ni dhahiri. Hata hivyo hesabu peke yake haitoshi. Sisi twasema sita, saba na tisa, maneno ya Kiarabu yaliyo karibu sana na shesh, sheva na tesha ya Kiebrania. Wala hapana amwitaye Mswahili msemaji wa lugha ya Kisemiti. Lazima neno lipimwe pamoja na mengine mengi, na pamoja na sarufi.

Zamani wataalamu wengi wa Ulaya walifundisha kwamba Kiebrania ndicho mama wa lugha zote, wakatafuta shina lake katika kila neno geni. Lakini Adriaan Reland, mwalimu wa lugha za Mashariki katika chuo cha Utrecht, aliyekijua Kiebrania vema, aliyaweka maneno ya Kimalei kando ya yale ya Madagaska na ya visiwa vya Pasifiki, akaonyesha kufanana kwao katika maandiko yake yaliyotoka mwaka 1708. Frederick de Houtman alikuwa amemtangulia kwa kuchapa kamusi ya Kimalei na Kimalagasi mwaka 1603.

Sarufi nayo yatoa ushuhuda ule ule. Katika Kiebrania shina la neno ni konsonanti, kwa kawaida tatu, na vokali hubadilika katikati yake: katav, aliandika, kotev, aandikaye, mikhtav, maandiko. Kimalei kwa kawaida huongeza mbele na nyuma ya shina: tulis, menulis, kuandika, penulis, mwandishi, tulisan, maandishi. Kiebrania hutenga kiume na kike hata katika neno "wewe", yaani atah na at. Kimalei, kama Kiswahili, hakina habari ya kiume na kike katika viwakilishi vyake. Lakini Kimalei kina jambo ambalo Kiebrania hakina, wala sisi hatuna: "sisi" mbili. Kita ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe. Kami ni sisi bila wewe. Mtu amwombapo Mungu akimwita Baba yetu, husema kami, kwa kuwa Mungu hahesabiwi miongoni mwa waombao. Kiebrania husema avinu tu, na mfasiri hana budi kuamua mwenyewe kila mara.

Uamuzi wa namna hiyo, hasa katika kuchagua maneno, ulileta mashindano makubwa. Melchior Leydekker, mchungaji Mholanzi wa Batavia, alianza kufasiri Biblia kwa Kimalei mwaka 1691. Alichagua Kimalei cha juu, chenye maneno mengi ya Kiarabu. Alifariki mwaka 1701 kabla ya kumaliza Agano Jipya, na Petrus van der Vorm akaitimiza kazi. Biblia nzima ilichapwa mwaka 1733. François Valentyn, mchungaji wa Ambon, alipinga vikali, akisema Wakristo wa kule hawaelewi maneno hayo, naye alikuwa na tafsiri yake kwa Kimalei cha watu wote. Ya Valentyn haikuchapwa. Ya Leydekker ilisomwa kwa zaidi ya miaka 100.

Haifai kumcheka mmoja wao. Neno la Kiarabu lina heshima, na kwa asili lasimama karibu na Kiebrania. Lakini ukaribu huo ni wa shina, si wa maana. Hakham wa Kiebrania ni mwenye hekima; hakim wa Kimalei, kama hakimu wetu, ni mwamuzi wa mashauri. Afasiriye kwa kufuata sauti atamweka mwenye hekima barazani ahukumu watu.

Basi mwalimu akutanapo na neno lifananalo na la Kiebrania, afurahi, kisha aulize maswali mawili: limepita njia gani hata kufika hapa, na wenye lugha hulitumia kwa maana gani leo? La kwanza atajibiwa na vitabu. La pili hana budi kuwauliza wenyeji.