Kola za Nguo Kuukuu: Historia ya Kitambaa cha Shingoni



Katika kitabu hiki cha yubilei wenzetu wameandika juu ya mwanzo wa misioni, juu ya mapadri wa kwanza na matofali ya kanisa. Sisi tumejichagulia jambo dogo. Siku ya maandamano mtaona shingoni mwa mama wa kwaya kola nyeupe zisizoshikamana na nguo, ambazo huvaliwa juu ya blauzi na kuvuliwa bila kuvua blauzi yenyewe. Zimeshonwa na mama wa chama cha ushonaji kwa vitambaa vya zamani: shuka za kitani, nguo za meza zilizotariziwa shuleni kwa Masista, hata vipande vya nguo za harusi za bibi zetu. Kuna walioziita urembo wa bure. Nasi twajibu kwamba kola ya namna hii ina historia ndefu, na katika historia hiyo urembo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni jasho, sabuni, na chakula cha watoto.

Kila afuaye nguo ajua kwamba shati huchafuka kwanza shingoni, na kuraruka kwanza shingoni. Mwili wa shati waweza kudumu miaka, lakini ukosi wake umekwisha. Ndiyo sababu watu wa nchi nyingi, kila mmoja kwa njia yake, walifikia shauri lilelile la kuutenga ukosi na nguo.

Tuanze kanisani. Padri, kabla ya kuvaa alba, hujifunga shingoni amikto, kitambaa cha kitani chenye kamba mbili. Tangu karne ya 12 hivi, katika nchi nyingi za Ulaya, ukingo wa juu wa amikto uliongezewa kipande cha hariri au cha tarizi. Padri alipokwisha kuvaa, alikigeuza nyuma, kikakaa juu ya kasula kama kola. Sasa, kitani hufuliwa, lakini hariri yenye uzi wa dhahabu ikitiwa majini huharibika. Kwa hiyo kipande kile kilishikizwa kwa mishono michache tu, kikafumuliwa kabla ya kufua, kisha kikashikizwa tena. Desturi hiyo iliachwa mahali pengi katika karne ya 16. Hata hivyo jimbo la Milano lilihifadhi kola yake iitwayo cappino, na kule Hispania dalmatika ilivaliwa pamoja na kola ngumu ya tarizi, iliyofungwa kwa kamba zenye vishada.

Tarizi zenyewe hazikuwa mpya kila mara. Katika karne za 13 na 14 mafundi wa Uingereza walisifiwa kuliko wote kwa kazi hiyo; orodha ya hazina ya Papa ya mwaka 1295 yataja kazi zao mara nyingi kuliko za nchi nyingine. Baadaye, dini ilipogeuzwa katika ufalme ule, mavazi mengi ya Misa yalitolewa makanisani. Mengine yalichomwa ili kupata dhahabu ya nyuzi, mengine yalikatwa na kushonwa upya. Mjini London, katika jumba la Victoria and Albert, liko joho moja la mahameli nyekundu lenye maisha ya Bikira Maria, liitwalo Butler-Bowdon. Lilikuwa limekatwakatwa na kugeuzwa mavazi mengine ya altare, na katika karne ya 19 vipande vyake vikaunganishwa tena. Mishono ya kuunganisha ingali yaonekana. Twakiri kwamba sisi twaipenda mishono ile kuliko dhahabu.

Lakini historia tunayotaka hasa kuisimulia ni ya nchi ya Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi, navyo viazi vilikuwa kwa maskini wa nchi ile kama muhogo ulivyo kwetu. Njaa ilidumu miaka kadhaa. Watu wapata milioni moja walikufa, na wengine wengi kama hao walihama. Katika mji mdogo wa Youghal, karibu na bahari, palikuwa na konventi ya Masista wa Presentation. Mmoja wao, Mama Mary Ann Smith, alipata kipande cha dantela ya zamani kutoka Italia, yaani kitambaa cha nyuzi tupu chenye matundu mazuri, kilichofanywa kwa sindano. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Akaketi, akaifumua ile dantela uzi kwa uzi, akitazama kila fundo lilivyofungwa, hata akajua siri yake. Kisha akachagua wasichana wa mji waliokuwa hodari kwa sindano, akawafundisha. Mwaka 1852 shule ya dantela ilifunguliwa katika konventi, na kazi ya Youghal ikapata sifa hata ng'ambo.

Tufikiri kidogo juu ya kitendo kile. Mtu anayo kazi nzuri ya kale mkononi, isiyopatikana tena, naye aiharibu kwa makusudi. Mwenye kupenda vitu vya kale angelia. Lakini nje ya mlango wamo wenye njaa, na kile kipande kikikaa sandukuni hakimlishi mtu. Konventi nyingine za Ireland zilifanya kazi zinazofanana, hasa zile za ndoano ya kusokota uzi, na kola zikawa miongoni mwa vitu vilivyouzwa sana. Sababu ni wazi: kola ni ndogo, yataka uzi kidogo, yashonwa nyumbani huku mtoto amelala, tena bibi wa mjini asiyeweza kununua nguo nzima ya dantela aweza kununua kola.

Wengi wa waliohama walikwenda Marekani, na huko walizikuta kola tena, ila za namna nyingine. Katika mji wa Troy, jimbo la New York, husimuliwa kwamba mwaka 1827 mama mmoja, Hannah Lord Montague, alichoka kufua mashati ya mumewe yaliyochafuka shingoni tu. Akashika mkasi, akakata ukosi, akaufua peke yake, akaurudisha kwa vikamba. Miaka miwili baadaye Ebenezer Brown, mhubiri wa Kimetodisti aliyestaafu na kufungua duka, alianza kuuza kola za namna hiyo. Toka hapo mji ule ulijaa viwanda, hata ukaitwa Mji wa Kola.

Kola mpya ilipaswa kufuliwa, kutiwa wanga na kupigwa pasi kabla ya kuuzwa. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake, wengi wao Wairelandi, saa 12 hadi 14 kwa siku, katikati ya mvuke, maji ya moto na dawa kali za kung'arishia. Mshahara ulikuwa dola chache kwa juma. Mmoja wao, Kate Mullany, alizaliwa Ireland mwaka 1845, mwaka uleule wa njaa. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyeshika nyumba. Mwezi wa Februari 1864 aliwakusanya wenzake wapata 300, wakaacha kazi wote pamoja. Juma halijaisha, wenye viwanda walikubali kuwaongeza mshahara kwa sehemu ya robo. Mwaka 1869 waliacha kazi tena, lakini mara hii walishindwa, na mwaka uliofuata chama chao kilivunjika. Kate Mullany alifariki mwaka 1906. Nyumba aliyokaa mjini Troy ilitangazwa mwaka 2004 kuwa mahali pa historia ya taifa la Marekani.

Baada ya vita ya 1914–1918 wanaume walianza kupenda shati lenye kola laini iliyoshonwa moja kwa moja, na viwanda vile vikapungua. Katika nchi yetu, ilipokuwa ikiitwa Zaire, tai na suti zilikatazwa kwa ajili ya abakosti, mpaka hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 ilipoziruhusu tena. Mvaaji wa kila siku wa kola ya kutoa na kurudisha amebaki Padri, nasi twaomba Mapadri wasione vibaya tukisema kwamba kola yao nyeupe nayo asili yake ni ukosi wa shati, uliokunjwa juu ya kanzu.

Tuje sasa kwa mama zetu. Kitambaa kuukuu hakishonwi ovyo. Kwanza hukiinua mbele ya dirisha: palipo pembamba mwanga hupita, na pale hawakati. Uzi wa rangi hujaribiwa kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, kipande hakifuliwi. Kielelezo hukatwa kwa karatasi ya gazeti na kupimwa shingoni mwa mvaaji, kwa maana shingo hazifanani. Tarizi huwekwa penye kuonekana, mbele au kwenye ncha, na chini yake hushonewa amerikani nyepesi iliyokwisha kufuliwa, ili uzito uchukuliwe na kitambaa kipya. Kifungo kimoja nyuma chatosha. Mashini ya kushona hutumika kwa kitambaa kipya tu. Penye tarizi ni sindano ya mkono.

Palitokea ubishi. Katika sanduku la sakristia imo kasula ya zamani, hariri yake imepasuka lakini msalaba wa mgongoni ungali mzima. Baadhi ya mama waliuliza kwa nini tarizi ile isikatwe iwe kola. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1171, yasema kwamba vitu vitakatifu vitunzwe kwa heshima, visitiwe katika matumizi ya kidunia wala yasiyo yao. Kola ya kwaya leo huvaliwa kanisani, kesho sokoni. Kwa hiyo msalaba ule utafumuliwa na kuhamishiwa kasula mpya, kama ilivyofanyika Ulaya miaka mamia. Kazi hiyo imekwisha kuanza.

Jambo la pili lilikuwa la fedha. Kola nyingine zitauzwa baada ya Misa, na walikuwako wazee waliotaka zote ziingie katika sanduku la paa la kanisa. Baada ya mikutano miwili ilikubaliwa kwamba nusu itakwenda kwa paa, na nusu itagawanywa kwa mama walioshona, kila mmoja kwa hesabu ya kola zake.