Kipimo cha Boriti: Mji Mkongwe wa Unguja na Kanuni za Ujenzi Wake

Kabla ya Mji Mkongwe wa Unguja kuwa na kanuni za ujenzi zilizoandikwa, ulikuwa na boriti. Mti wa mkoko una nguvu, lakini nguvu zake zina mpaka: ukilazwa juu ya kuta zilizoachana mno, hauwezi kuhimili sakafu nzito ya mawe na chokaa. Kwa hivyo upana wa chumba haukuzidi sana mita mbili na nusu, awe mwenye nyumba tajiri wa karafuu au mfanyabiashara wa kiasi. Chumba kiliweza kurefuka, hakikuweza kutanuka. Anayejua mizani ya shairi hatastaajabu kusikia kwamba kipimo hicho hakikumfunga fundi mikono. Ndani yake alipanga zidaka, akanakshi mlango, akainua dari juu ili joto lipate pa kwendea.

Pamoja na boriti palikuwa na adabu. Mlango haukuelekezwa mlango wa jirani, wala dirisha halikufunguliwa pa kuchungulia ua wake. Kuta nene za matumbawe zilisogeleana hata nyumba moja ikaitilia nyingine kivuli, na mpita njia akatembea mchana pasi na kuunguzwa na jua. Nje, chini ya ukuta, palijengwa baraza. Hiyo ilikuwa sehemu ya nyumba ambayo mwenyewe aliitoa kwa mtaa: hapo palinywewa kahawa, palitolewa habari, na palitungwa na kujibiwa mashairi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mji huo uliogopa mageni. Mwaka 1883 Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib kwa nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo ya bahari na roshani pana zilizozunguka jengo zima. Kipimo cha boriti kilivunjwa mbele ya macho ya watu wote, na bado mji ulilikubali jengo hilo likawa uso wake. Uenyeji wa jengo, basi, haupimwi kwa umri wala kwa asili ya vifaa peke yake.

Kanuni za karatasi zilikuja na Waingereza. Lanchester alitoa mpango wake mwaka 1923, na Kendall akatoa wake mwaka 1958. Wakati huo mji ulitazamwa kama miji miwili: upande wa mawe, na Ng'ambo, upande wa pili wa hori la bahari, kwenye nyumba za udongo na makuti. Kipimo cha nyumba kikawa pia kipimo cha watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mizani iligeuzwa. Mpango wa 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ulielekeza heshima Ng'ambo, na majumba marefu ya Michenzani yakasimama yakiahidi maji ya bomba na umeme kwa waliokuwa wamenyimwa. Ahadi hiyo ilikuwa ya haki, lakini ghorofa ya juu haina baraza. Na huko Mji Mkongwe, nyumba nyingi zilizotaifishwa zilikaa bila matengenezo. Paa likavuja, maji yakaiozesha boriti, na nyumba ikaanguka.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji. Miaka hiyo hiyo biashara ikafunguliwa, watalii wakaanza kumiminika, na saruji na nondo zikapatikana. Sasa sakafu iliweza kuwa na upana wowote, na ghorofa iliweza kuongezwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kuibeba. Mti wa mkoko haukuwa tena na sauti. Ilibidi karatasi iseme badala yake. Ndiyo kazi ya mpango wa 1994, uliotayarishwa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan chini ya Francesco Siravo. Majengo yalikaguliwa na kupangwa kwa madaraja, ukaelezwa urefu unaokubalika, vifaa vinavyofaa na namna ya kutunza njia na viwanja. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia.

Walakini karatasi ina udhaifu ambao boriti haikuwa nao. Boriti haiombwi ruhusa maalumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, jengo jipya la hoteli liliposimamishwa kando ya Mambo Msiige, ufukweni Shangani, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake, jengo lilikamilika. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Tena kitabu cha mpango kilichotolewa mwaka 1996 kiliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwashi hupokea kazi yake kwa Kiswahili: daka, roshani, kidaka, baraza. Kila neno katika hayo lina kanuni ndani yake, na kanuni isiyofika katika ulimi wa fundi haifiki mkononi mwake.

Hivyo ni jambo la kutia moyo kwamba mpango wa karibuni wa upande wa pili ulipewa jina la Kiswahili, *Ng'ambo Tuitakayo*, na kwamba wakazi waliulizwa ni mahali gani wanapopathamini. Swali hilo halikuulizwa mwaka 1923, wala 1958, wala 1968. Mwenye kuandika kanuni za kesho hana haja ya kumrudisha mtu kwenye upana wa mkoko. Ana haja ya kuuliza, kwa lugha ya wanaojenga na wanaokaa, jengo hili litamwachia jirani kivuli gani, na mpita njia atakaa wapi.