Kazi Ilitangulia Karatasi

Tunaposikia habari za ndugu wanaoishi Ulaya bila karatasi, twadhani upesi kwamba waliingia kwa siri, kisha wakatafuta kazi kwa siri. Historia ya Ufaransa yatuonyesha mambo mengine: kazi ilitangulia na karatasi zikafuata, mpaka serikali ilipoacha kuzitoa, huku kazi ikiendelea.

Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya magari na kampuni za ujenzi za nchi hiyo zilihitaji mikono mingi. Watu walifika bila kibali, wakaajiriwa, kisha ofisi ya uhamiaji ikawaandikisha. Mwaka 1968 zaidi ya 80 kwa mia ya wafanyakazi wageni walioandikishwa walipata karatasi kwa njia hiyo. Lakini Julai 1974, uchumi ulipoyumba, serikali ilisimamisha uhamiaji wa wafanyakazi. Mwaka 1993 sheria zilizobeba jina la waziri Pasqua ziliwabana hata waliokwisha kukaa miaka mingi. Kulikuwa na wazazi wa watoto waliozaliwa Ufaransa ambao sheria haikuruhusu wafukuzwe, wala haikuwapa kibali.

Tarehe 18 Machi 1996, watu wapatao 300, wengi wao wa Mali na Senegal, waliingia katika kanisa la Saint-Ambroise mjini Paris. Siku nne baadaye polisi wakawatoa. Walihamahama hadi 28 Juni, walipofika kanisa la Saint-Bernard katika mtaa wa Goutte d'Or, jirani na Château Rouge, jina ambalo wengi wetu tumelisikia kwa ndugu walio huko. Paroko Henri Coindé aliwaacha wakae. Kumi kati yao walikataa chakula kwa majuma mengi. Tarehe 23 Agosti polisi walivunja mlango wa kanisa kwa mashoka.

Picha ya mashoka ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za watu. Kwetu sisi, lililo zito zaidi ni yale ambayo watu wasio na karatasi walikuwa wakiyafanya kila siku mjini humo: kusafisha maofisi usiku, kuosha vyombo katika mikahawa, kubeba saruji.

Hayo yalidhihirika tarehe 15 Aprili 2008. Mamia ya wapishi, wasafishaji na wajenzi wasio na vibali waligoma na kukaa mahali pao pa kazi, wakisaidiwa na chama cha wafanyakazi CGT. Mikononi walishika hati zao za mshahara! Wengine waliajiriwa kwa karatasi bandia, wengine kwa jina la rafiki, na kila mwezi walikatwa michango ya uzeeni na ya ukosefu wa kazi, ambayo wengi wao wasingeweza kuidai. Fedha zao zilipokewa bila swali. Mtu mwenyewe ndiye aliyekataliwa. Baada ya mgomo, wengi walipewa vibali.

Wengine walibaki nyuma. Waraka wa serikali wa 28 Novemba 2012 ulimtaka mwombaji wa kibali kwa njia ya kazi aonyeshe hati za mshahara za miezi kadhaa, yaani ushahidi wa kazi ambayo sheria ilimkataza kuifanya. Mwanamke anayetunza wazee nyumbani kwa watu na kulipwa noti mkononi hana hati hiyo, na mwajiri wake hana haraka ya kumwandikia.