Usiku juu ya Msitu na Malisho: Namna Hali ya Hewa Inavyopimwa katika Bonde la Amazon

Kiwango cha chini cha joto kinachotajwa kila siku katika taarifa za hali ya hewa kwa kawaida hupatikana karibu na alfajiri, katika kituo kilichojengwa mahali pa wazi penye majani mafupi. Kwa mujibu wa taratibu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), kipimajoto huwekwa ndani ya kibanda kinachopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Utaratibu huo huwezesha vituo vya nchi mbalimbali kulinganishwa. Hata hivyo, hauonyeshi kinachotokea juu ya msitu wenye miti ya mita 30, wala kinachobadilika msitu huo unapofyekwa.

Ili kupata jibu, kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Brazili na Uingereza walitekeleza mradi wa ABRACOS katika Bonde la Amazon. Vituo viliwekwa kwa jozi, kimoja msituni na kingine kwenye malisho ya ng'ombe yaliyokuwa msitu hapo awali. Jozi hizo zilikuwa tatu, karibu na miji ya Manaus, Marabá na Ji-Paraná. Katika eneo la Ji-Paraná, jimbo la Rondônia, msitu uliopimwa ulikuwa Hifadhi ya Jaru, na malisho yalikuwa ya shamba la Nossa Senhora.

Vifaa vinavyotumika

Msituni hujengwa mnara unaopita vilele vya miti, na vifaa hufungwa katika vimo mbalimbali. Kwenye malisho, mlingoti mfupi hutosha. Ili kupima hewa iliyo juu zaidi, hutumika puto lililojazwa gesi nyepesi na kufungwa kwa kamba. Puto hupandishwa polepole hadi mita mia kadhaa, kisha hushushwa, huku kifaa kilichoning'inizwa chini yake kikirekodi joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na upepo. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya saa chache, kuanzia jioni hadi jua linapochomoza.

Tofauti iliyobainika

Jua linapotua, majani ya malisho hupoteza joto kwa haraka. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, huku hewa ya juu ikibaki na joto zaidi. Hewa baridi, ambayo ni nzito, hutulia chini katika tabaka jembamba lisilochanganyika kwa urahisi na hewa ya juu. Msitu, kwa upande wake, huhifadhi joto katika mashina, matawi na hewa iliyo kati ya miti, na vilele vyake visivyo sawa huvuruga upepo. Kwa sababu hiyo, tabaka la usiku juu ya msitu huwa nene zaidi na tofauti ya joto ndani yake huwa ndogo.

Aidha, katika msimu wa kiangazi malisho hupata joto kali zaidi mchana, kwa kuwa mizizi mifupi ya nyasi haifikii maji ya kina kirefu. Hivyo, msitu unapoondolewa, mchana huwa wa joto zaidi na usiku huwa wa baridi zaidi.

Umuhimu wa vipimo hivyo

Tabaka jembamba la usiku huzuia moshi kupanda. Katika Rondônia, ambako mashamba huchomwa wakati wa kiangazi, moshi unaonaswa karibu na ardhi huvutwa na wakazi hadi jua linapoipasha hewa joto na kuichanganya.

Vilevile, msitu hutoa hewa ukaa usiku. Upepo unapotulia, hewa hiyo hukusanyika chini ya matawi, na vifaa vya juu ya mnara huweza kuonyesha kiasi kidogo kuliko kilichotolewa. Isipohesabiwa, msitu utaonekana kufyonza hewa ukaa nyingi kuliko hali halisi. Ndiyo maana hupimwa pia katikati ya miti.

Vipimo vya ABRACOS vilitumika kuboresha programu za kompyuta zinazokadiria athari za ukataji wa misitu kwa tabianchi. Programu ya namna hiyo ikitegemea wastani wa joto la siku pekee, joto la mchana na baridi ya usiku vinaweza kufidiana, na badiliko kubwa likaonekana dogo. Kwa msingi huo, kipimo cha usiku ni sehemu ya lazima katika kutathmini kinachopotea msitu unapogeuzwa kuwa malisho.