Tathmini ya uchunguzi wa saratani kwa umma

Uchunguzi wa saratani kwa umma ni utaratibu wa kuwapima watu wasio na dalili yoyote, ili wenye ugonjwa wapatikane kabla haujajitokeza. Mpango wa aina hii hupimwa kwa idadi ya vifo uliyopunguza. Kampeni nyingi hutaja badala yake asilimia ya wagonjwa walio hai miaka 5 baada ya kugundulika, na hapo ndipo hesabu inapopotosha.

Asilimia hiyo huanza kuhesabiwa siku ya ugunduzi. Mvutaji sigara aliyeanza kukohoa damu mwaka 2017 akafariki 2020 huandikwa kuwa aliishi miaka 3 na saratani. Uvimbe uleule ungeonekana kwenye picha ya kifua mwaka 2013, naye akafariki siku ileile, angeandikwa miaka 7. Maisha yake hayakurefuka. Alichoongezewa ni miaka 4 ya kujua kuwa anaumwa. Isitoshe, saratani inayokua polepole hukaa mwilini muda mrefu bila dalili, kwa hiyo ndiyo inayonaswa zaidi na vipimo vya kila mwaka. Ile kali huibuka katikati ya kipimo kimoja na kingine.

Mfano unaojulikana sana ni utafiti wa kliniki ya Mayo nchini Marekani, ulioanza mwaka 1971. Wanaume 9,211 waliokuwa wakivuta sigara sana waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipigwa picha ya kifua na kupimwa makohozi kila baada ya miezi 4 kwa miaka 6. Jingine lilishauriwa tu kupima kila mwaka. Kundi la kwanza lilipatikana na saratani 206 za mapafu, la pili 160, na wagonjwa wa kundi la kwanza waliishi muda mrefu zaidi baada ya kugundulika. Vifo vya saratani hiyo vilikuwa 122 kwa 115. Aliyesoma safu ya kwanza ya takwimu pekee angetangaza ushindi.

Tofauti ya 206 na 160 inaashiria tatizo jingine: ugunduzi wa ziada, yaani kugundua saratani ambayo isingemsumbua mtu maisha yake yote. Korea Kusini ilionyesha jambo hili kwa kiwango cha taifa. Mpango wake wa uchunguzi ulioanza mwaka 1999 haukuhusu tezi ya thairoidi, lakini hospitali ziliuza kipimo cha altrasaundi ya shingo kama nyongeza ya bei nafuu. Kufikia 2011, kiwango cha saratani ya tezi hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993, na vifo havikusogea. Karibu wote waliogundulika walifanyiwa upasuaji. Wengi wao wakabaki kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote, na takriban 2 katika kila 100 wakapooza nyuzi za sauti. Madaktari kadhaa walipopinga hadharani mwaka 2014, upasuaji ulipungua kwa kasi.

Ndiyo maana ushahidi unaoaminika ni wa jaribio la bahati nasibu, linalohesabu vifo vya walioalikwa wote, wakiwemo waliokataa kupimwa. Wanaoitikia mwaliko kwa kawaida huwa na afya bora tangu mwanzo. Kuwahesabu wao tu ni kuupa mpango sifa isiyo yake.

Kuna mipango iliyoshinda mtihani huu. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2011, la wavutaji sigara na walioacha wapatao 53,000, lilionyesha kuwa CT skani ya mionzi hafifu ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa 20% ikilinganishwa na picha ya kawaida ya kifua. Mjini Mumbai, wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda walishirikishwa kuanzia 1998. Wahudumu wa afya wasio madaktari, waliofunzwa kwa wiki chache, walipaka asidi ya siki kwenye shingo ya kizazi na kuangalia kama sehemu inageuka nyeupe. Vifo vya saratani ya shingo ya kizazi vilipungua kwa 31%. Jaribio hilo lilizua ubishi wa kimaadili, kwani kundi la ulinganisho lilipewa elimu ya afya bila kipimo.

Kipimo cha siki hutumiwa sana pia Tanzania na Kenya. Hata hivyo, katika jaribio la wilaya ya Osmanabad, India, lililochapishwa 2009, siki iliyotumika mara moja tu haikuleta upungufu wa vifo ulio dhahiri, ilhali kipimo kimoja cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kilivipunguza kwa karibu nusu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza. Matokeo ya Mumbai nayo yalitegemea matibabu ya bure kwa waliokutwa na ugonjwa. Mpango unaompima mwanamke kisha kumwachia nauli na gharama za rufaa haujafanyiwa jaribio hilo.